Kipanya Kimestaafu

Mkono wa Hrólfur ulipoanza kutetemeka
kishale kilirukaruka skrini nzima
kama nzi ndani ya chupa.
Akakitupa kipanya droowani, kati ya soksi.

Sasa ni kibodi tu.
Gumba na H: barua zasogea kushoto.
Gumba na L: hesabu za kiwanda cha sufu, kulia.
Hakuna dirisha linalomkalia mwenzake kichwani,
kila moja na kipande chake,
mirathi isiyo na kesi.

Ásdís kaja Akureyri kumjulia hali,
akapapasa meza yote.
"Baba, unashika wapi?"
"Sishiki. Naamuru."

Akacheka, akaenda kufungua dirisha la jikoni.
Limegandishwa na barafu. Anasukuma.
Na vidole vya mzee, mezani,
vinaitafuta herufi yake.