Kijiwe

Kwanza ulikuwa uvimbe wa saa ya chakula.
Gundula akifunua sufuria, taya lilijua kabla ya pua:
upande wa kushoto, yai la kware
lilichomoza, likakaa dakika arobaini, likatoweka.

Kazi yangu ni kuonja. Miaka thelathini na mmoja
nimesimama kati ya mapipa ya matango hapa Lehde,
nachovya kijiko, natema, nasema: chumvi bado,
au shibiti imezidi, au hili lifungwe hadi Oktoba.
Muonja siki anayeogopa mate yake mwenyewe
ni sawa na tarishi anayeogopa bahasha.

Niliogopa. Nilianza kuonja kwa macho,
nikisoma rangi ya maji, nikibahatisha.
Mara mbili nilikosea, na Bwana Kuhlisch akanyamaza.
Nadhani ningependa zaidi anitukane.

Tena kulikuwa na mjomba Benno.
Yeye walimpasua shingo, mwaka wa sabini na nne,
wakang'oa tezi nzima pamoja na jiwe lake,
kama mtu abomoaye nyumba kwa sababu ya panya.
Tangu siku ile akicheka, hucheka nusu.
Kwenye picha ya harusi yangu yuko ukingoni,
amejikinga na glasi.

Daktari Tabea Wollny, kule Cottbus, alinichorea
nyuma ya bahasha: ulimi, tezi, mfereji.
Mfereji! Neno hilo nalijua.
Huku kwetu hata barua hutufikia kwa mtumbwi.
Gogo moja likikwama langoni
maji hurudi nyuma, vitunguu vinaoza ardhini.
Hufukui bustani. Unamtuma mtu na upondo.

"Ndivyo hasa," alisema,
"ila upondo wangu ni mwembamba kuliko sindano ya kufumia."

Nilikuwa macho. Ganzi ilikuwa na ladha ya sarafu.
Alinidondoshea limau ili mlango ujionyeshe,
kitundu nilichoishi nacho miaka hamsini na minane
bila kujua kwamba kipo.
Akakibembeleza kwa vijiti, kimoja baada ya kingine,
kila kimoja kinene kidogo kuliko kilichotangulia,
hadi kikaikubali kamera.

Nikaiona njia yangu ya ndani kwenye kioo cha ukutani:
ya waridi, nyevu, tulivu,
maji ya chumvi yakitangulia mbele kuipanua.
Maji ya chumvi. Hata huku.
Na pale konani, cha manjano, kimekaa,
kijiwe kilichojifanyia kijiwe,
kama vijana wasio na kazi pale darajani,
wanaoziba njia na wala hawana habari na mtu.

Kikapu cha waya kikachanua kama ua la shibiti.
Kikakosa.
Kikakosa tena. Nesi Ljuba akaibonyeza tezi kwa nje
kwa dole gumba, bila haraka,
na mimi, mdomo wazi, sina hata neno la kuomba.
Mara ya tatu kikafumba.

Punje ya mchele, tena ya chenga.
Kwa hiki nilikuwa nalala na njaa?

Kisha mate. Yalikuja mazito, yenye chumvi,
kisha mepesi, yakanishinda,
yakanivuja kidevuni kama mtoto anayeota meno.
Ljuba alinipa karatasi. Niliishika tu.

Jumapili nilimpelekea Benno kile kichupa.
Ana miaka themanini na moja, anakaa chumba cha mwisho,
dirisha lake linatazama egesho la magari.
Alikiinua kwenye mwanga, akakitikisa,
akasikiliza ile sauti ndogo kwa muda mrefu.
"Langu," akasema, "hata hawakunionyesha."

Kisha akauliza kama nimekuja na matango.