Mfungaji Asiye na Njaa

Saa kumi na moja na nusu jioni, foleni ya mkate
imeshapinda kona ya Bistrik na kupanda mlima.
Mimi ndiye mwokaji. Nanyunyiza habasoda,
nasukuma somuni tanuruni kwa pauro ndefu,
naitoa imevimba kama shavu la mtoto aliyenuna,
na harufu yake, ambayo zamani
ingenipigisha magoti,
inanipita puani kama mpangaji asiyesalimu.

Sina njaa.
Nasema kwa sauti ya chini, maana ni aibu
kwa mfungaji, siku ya kumi na tisa,
kukiri kwamba hana njaa.

Waliikata. Mwaka juzi, Novemba, huko Tuzla,
kwa matundu matano madogo kama vifungo vya shati,
Daktari Vedrana alitoa robo tatu ya tumbo langu
akaniachia mrija, unene wa ndizi.
"Na njaa," alisema, "sehemu kubwa ilikaa humo."
Nilikuwa kilo mia na sitini na nane.
Ngazi za nyumbani zilinijua kwa pumzi.

Ramadhani ya kwanza alinikataza.
Nikalipa fidia, nikaoka, nikala mchana
nyuma ya magunia ya unga, kijiko baada ya kijiko,
kama mwizi aibaye chake mwenyewe.
Mwaka huu damu imepimwa, imetoka safi,
kaniruhusu, na masharti marefu kuliko hotuba ya Ijumaa:
maji funda kwa funda, usiku kucha;
yai kabla ya mkate; vidonge; tende moja, si tatu;
na kichwa kikizunguka, fungua, Rusmir,
Mungu hakukuomba uanguke.

Lakini nani atanijibu hili:
ajizuiaye na asichokitamani, amejizuia na nini?
Nilimuuliza imamu. Akakuna kidevu,
akasema nia ni nia,
akanunua somuni mbili, akaenda zake.

Mama angejua.
Mwaka wa tisini na tatu, mji umezingirwa,
tulifunga Ramadhani isiyo na magharibi.
Alichuma majani yawashayo kando ya reli,
akayachemsha na mchele wa msaada,
akanipa sufuria nzima, akasema yeye amefunga.
Hata usiku alisema amefunga.
Nilikuwa na miaka minane. Nilimwamini.

Vita vilipokwisha akanilisha
kama ajazaye shimo lisilo na kitako:
pai za nyama, malai, mkate juu ya mkate,
nami nikala, sahani yangu
na zile zote alizoninyima yeye kula.
Hapana, nimekosea. Alizojinyima.
Ulimi nao una tumbo lake.

Mzinga unalia kutoka ngomeni.
Azemina anamimina supu kwenye kikombe cha kahawa,
ndicho kipimo changu. Maji kwanza: funda moja.
Ngoja. Funda la pili.
Kiu, hiyo hawakuikata; kiu ni yangu yote,
na siwezi kuinywa kwa pupa,
nainywa kwa tasbihi.
Wenzangu wamemaliza, sahani zimeshaoshwa,
binti yangu Nejla bado amekaa nami,
anahesabu vijiko vyangu kwa vidole, kimoyomoyo,
akidhani sioni.

Na jana, ah, sijamwambia mtu,
daktari atasema ni hewa tu,
jana saa tisa mchana, nikikanda unga,
kitu kidogo kilibisha hodi chini ya mbavu.
Mara moja. Kisha tena.
Nikasimama, mikono imezama hadi viwiko,
machozi yakitafuta njia kwenye uso wenye unga.
Nilimjua mgeni huyo. Nilimjua tangu reli.

Sikumwambia karibu.
Nilimwambia: subiri.
Mzinga bado.