Silinda ya Tatu

Ulianza Magu, nikirudi na magunia matupu ya dagaa:
ti-ti-ti-ti, mdogo, kama mtu anayegonga ukucha
kwenye kikombe cha bati akisubiri kujibiwa.
Nikaongeza sauti ya redio.
Igoma nikaipunguza; ulikuwa bado upo.
Nikikanyaga mafuta unakimbia, nikiachia unatembea,
na kwenye foleni ya Buzuruga ukakaa nami
ukihesabu, taratibu, kitu ambacho sikukopa.

Shemeji Kwilasa, ambaye hajamiliki hata baiskeli,
akasema: tapeti hizo.
Fundi wa Mabatini hakufungua hata boneti.
"Beringi, mama Sayi. Injini imekwisha.
Lete laki nane nikutafutie ya mtumba."
Wa Igogo akaweka oili nzito kama uji wa mtama,
na ti-ti-ti ikaendelea, ndani ya uji.
Usiku napiga hesabu za kikoba, nikausikia tena,
nikaketi kitandani.
Lilikuwa bomba la jikoni.

Gereji ya Mhoja, Nyakato, haina paa.
Ukuta wake wa nyuma ni jiwe, yale yetu makubwa,
na juu yake mijusi ya vichwa vyekundu inainua vifua.
Alinikataza kuwasha.
"Limelala tangu jana?" Limelala.
"Halijaguswa?" Nimelisukuma na vijana mpaka hapa, kama ulivyosema.
"Vizuri. Mgonjwa wa asubuhi hajajifunza uongo."
Akazima redio ya mwanafunzi wake.
Akamwomba muuza kahawa, kwa adabu, apumzishe vikombe.
Sikio la kushoto, aliniambia, lilibaki Geita
kwenye mashine ya kusaga mawe;
"hili la kulia ndilo linalolipa ada."

Akachukua kipande cha mpira wa maji,
ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza
juu ya kava, kando ya pampu, chini kwenye sampo,
akirudi, akisita, uso umefungwa,
kama daktari wa Bugando juu ya mimba yangu ya mwisho,
na mimi, kama siku ile, nikausoma uso badala ya kuuliza.
"Juu siyo. Tapeti zinalia, ndiyo,
lakini kilio chao cha kawaida, cha cherehani.
Chini siyo."

Kisha waya za plagi.
Wa kwanza akachomoa: injini ikachechemea, mlio ukabaki.
Wa pili: ukabaki.
Wa tatu:

akaurudisha, ti-ti-ti, akauchomoa tena,
si kwa kuhakikisha, nadhani. Kwa raha tu.

Mimi kichwani nilikwisha kuuza friza
na kiwanja cha Usagara.
Akachana ukingo wa gazeti, akausogeza
pale menifodi inapokumbatia injini.
Karatasi ikatikisika, ikatikisika,
ulimi wa kitu kisichoonekana ukiilamba,
na ukingo wake ukarudi na masizi.
"Sasa ngoja lipate moto."
Tukangoja. Mlio, bila kuguswa na mtu,
ukafifia kama mtoto anayesahau alichokuwa akililia.
"Beringi haiwezi hivi. Beringi ikipata moto ndiyo inasimulia.
Hapa chuma kinavimba, ufa unafumba mdomo.
Gasketi ya ekzosi. Na nati moja imekatikia ndani, iguse."
Sikuigusa. Ilikuwa ya moto.

Elfu thelathini na tano, na nusu yake
ni jasho la kuitoa hiyo nati iliyokatika.
"Na kusikiliza je?"
Alikuwa ameshawasha redio, hakunisikia,
nilisimama upande wa Geita.

Jioni nikapita Mabatini, madirisha chini.
Mlango wa nyuma unalia, sikuwa najua.
Kuna sarafu inazunguka mahali fulani chini ya kiti.
Yule fundi akanipungia mkono.
Nikapunguza mwendo, makusudi,
nikampitishia kimya chote mbele ya uso wake.