Jani la Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, Hangzhou, mwezi wa kwanza,
nafungua kabati la baridi namba tatu.
Nyuzi ishirini. Miche ya mpunga imesimama humo
myeupe kama meno ya utotoni,
isiyojua bado kutafuna mwanga.

Kazi yangu ni kuhesabu.
Trei ya kwanza, mia na kumi na miwili.
Ya pili, mia na tisa,
na mmoja niliouvunja kwa mkono wa koti.

Profesa Lou anaiita kwa namba.
Mimi, binti wa wakulima wa Quzhou,
naijua kwa jina alilolitumia baba: wageni wa msiba.
Aliing'oa kitaluni kabla mama hajaiona,
akaificha mfukoni kama barua ya deni.

Ruoke, mwanafunzi mpya, aliuliza kosa liko wapi.
Nikamwonyesha kwenye skrini: herufi moja
kati ya milioni mia nne.
Andika jani. Badili herufi moja.
Umepata jini.

Ndani ya seli yumo mgeni wa kale
aliyemezwa asisagike.
Alikaa, akapewa jiko,
akawa ndiye anayewapikia wenyeji kwa mwanga.
Daftari lake la mapishi bado analo, dogo, limechakaa,
ila miwani ya kulisomea
hutengenezwa nyumba kubwa, kwenye kiini,
na jeni hii yetu ndiyo fundi miwani.
Joto likiwepo, vioo ni safi.
Baridi ikiingia, vinashika ukungu,
na mpishi anakaa, sufuria mkononi,
mwanga umejaa hadi mlangoni.

Mche mweupe haufi siku hiyo.
Hilo ndilo linaloniumiza.
Unakula akiba: wanga aliofungasha mama yake
ndani ya ganda, masurufu ya safari.
Jani la kwanza.
Jani la pili.
La tatu hutoka kwa kukwangua ukoko.
Kisha chungu ni kitupu, na mche unalala.

Nimeandika "umekufa" mara nyingi mno
hata mkono wangu umejifunza kulifupisha.

Mkesha wa mwaka mpya tulifunga maabara,
kila mtu na treni yake.
Kompresa ikafa nyuma yetu.
Mlinzi, mzee Fu, alisikia mngurumo umekoma
akadhani ni sikukuu.
Taa za kabati ziliendelea kuwaka.

Siku ya sita nilirudi na ndoo ya taka.
Kipimajoto: thelathini na moja.
Majani ya chini yalikuwa meupe vilevile,
yaliyopita hayakufutika.
Lakini juu yake, katikati, limejiviringisha
jembamba kama njiti ya kiberiti,
jani la nne.
Kijani.
Si kijani cha picha. Kijani cha mtu aliyeamka na homa,
kinachojaribu miguu.
Nikaweka ndoo chini. Nikahesabu.
Nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Profesa Lou alitazama muda mrefu.
"Data zimeharibika," alisema.
Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akatazama tena.

Wanasema mchele mmoja, mapishi mbalimbali.
Usiku nilimpigia baba simu, nikamweleza.
Alinyamaza; nilisikia vijiti vikigonga bakuli.
"Ile niliyoing'oa mimi," akasema, "ingengoja joto?"

Sikujua. Labda mwaka ule baridi ilichelewa kuondoka.
Labda ilikuwa ya aina nyingine,
ile ambayo jua lolote haliioni.
Nilimwambia zote mbili, naye akazipokea
kama mtu anayepokea chenji asiyoihesabu.

Akauliza kama kabati limeshatengenezwa.
Nikasema fundi anakuja Jumatatu.