Kiligonga

Jumatano, saa moja jioni, maktaba ya Štiavnica,
mji uliochimbwa fedha hadi ukabaki ganda.
Mwalimu Želmíra hupanga viti tisa. Huja watu sita.
Mezani kitabu, mgongo wake umeshikwa kwa gundi,
na kando yake mkebe wa filamu, bati lenye kutu.
"Kwamba inatisha tunajua," anasema.
"Leo tuulize inatishaje."

Kisa wanakijua tangu utotoni:
mjane wa mchimbaji, nyumba juu ya shimo lililozibwa,
na usiku, chini ya sakafu ya jikoni, mgongo wa mara tatu,
kisha kimya, kama mgeni asubiriye kuambiwa karibu.

Fungueni ukurasa wa arobaini. Mwandishi anasema: *aligonga*.
Ukurasa wa tisini: *aligonga*, tena kwa adabu.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili, katikati ya sentensi ya viazi,
bila kupaza sauti, bila alama ya mshangao:
*kiligonga*.

Kwa lugha yao ni irabu moja tu mwishoni mwa kitenzi,
o, duara kama mdomo wa shimo.
Mume ametoka katika ngeli ya watu
na hakuna aliyemwona akitoka.

Ctibor, miaka thelathini na moja mgodini, anavua miwani.
"Nimekisoma mara nne. Sikuiona."
"Hukutakiwa kuiona. Ulitakiwa usikie baridi."

Taa zinazimwa. Projekta inakohoa, inashika njia.

Picha haina viambishi. Mtengenezaji afanyeje?
Ameishusha kamera hadi kimo cha mtu aliyelala.
Mjane yuko kushoto kabisa, anamenya viazi.
Kulia, nusu nzima ya picha, hakuna kitu:
kiti, ukuta, msumari usiotundikwa koti.
Sekunde arobaini. Radka amezihesabu kwa kidole pajani.
Jicho haliwezi kuvumilia pengo,
linakwenda kumtafuta wa kulikalia.
"Mmemweka nani pale?" anauliza mwalimu gizani.
Hakuna anayejibu, maana kila mmoja amemweka wake.

"Sasa tazameni sufuria."
Maji yanatetemeka. Halafu ndipo sauti.
Kaichelewesha kwa makusudi, chini ya nusu sekunde,
ili nyumba ijue kabla yetu.

Radka haridhiki. Anasomea uuguzi, hapendi kisichofunuliwa.
"Kitabu kina ujasiri: mbao zinang'olewa, tunaambiwa yote,
kampuni iliziba shimo siku ya tatu,
na siku ya tano watu walikuwa bado wanagonga.
Filamu inakata mkono ukiwa juu ya ubao.
Huo ni woga."
"Au ni hesabu," anasema Želmíra. "Ukiona maiti, unalia, unakwenda kulala.
Usipoiona..."
Hamalizi. Anatafuta leso, ana mafua.

Ndipo Ctibor, aliyekuwa akisugua miwani ileile muda wote:
"Sisi tuligonga bomba.
Mara moja, simamisha. Mara mbili, teremsha.
Mara tatu ni: nipo.
Haina maana nyingine. Hatukuwatisha watu."

Projekta ikaendelea kuzungusha utepe mtupu,
tap, tap, tap, mpaka mtu akakumbuka kuizima.

Nimeyaandika haya nyumbani, usiku huohuo, ili nisiyapambe.
Tulivaa makoti. Mabomba ya joto ya jengo lile ni ya kale,
yakipoa hulia, kila mtu hapa anafahamu hivyo.
Yalilia mara tatu.
Tulicheka, sote isipokuwa mmoja:
Ctibor alikuwa ameshafika mlangoni,
akageuka, akarudi, akainama kwa taabu ya magoti,
akajibu bomba kwa pete yake ya ndoa.

Mwalimu alibebanisha viti sita ukutani.
Vitatu aliviacha pale vilipokuwa.