Kabla ya Mvua ya Saa Nane

Hapa Belém watu hawaagani kwa saa.
Husema: tuonane kabla ya mvua, au baada.
Mimi nina saa yangu nyingine, nimeivaa puani:
saa tatu inameta kidogo, kama kijiko kilichofutwa;
saa tano paji la uso limeungana na mashavu;
saa sita, ukinisogelea, utajiona.

Si uchafu, nimewaambia mara ngapi?
Nanawa asubuhi, nanawa usiku.
Nimenawa kwa salfa, kwa mkaa,
kwa ile sabuni ya kijani iliyonikaza
hata kucheka kukawa kazi,
na ngozi, kwa ukaidi wake,
ikajibu kwa kukamua zaidi.
Nimerithi. Bibi Nazaré, mzaa baba,
alijifuta uso kwa karatasi ya mkate
kisha akaiinua dirishani:
"Njooni mwone vioo vya kanisa!"

Basi Lindalva akaniomba niwe mama wa ubatizo
wa Edivan, mwanawe wa mwisho.
Nikaingia duka la vipodozi nyuma ya soko
na noti mbili, na azma.

Suelen, muuzaji, nyusi zake zimepigwa rula,
alinishika kidevu kama anayechagua papai.
Akanipaka mistari mitatu kwenye taya.
Nilikuwa nimempa mkono. "Mkono hauendi kanisani," akasema.
Mstari wa kwanza ulinifanya mgonjwa.
Wa pili, shangazi ya mtu.
Wa tatu ulizama, nikautafuta kwenye kioo nisiuone.
"Huo!" nikasema, nikatoa pesa.
"Rudisha pesa. Kanywe kahawa kwanza."

Nilirudi na ule mstari umegeuka kutu.
"Mafuta yako yanaila rangi," akasema, bila huruma, bila dharau,
kama fundi anayekutajia ugonjwa wa gari.
"Chukua iliyopungua kidogo. Itakufuata yenyewe."
Juu yake akaniwekea kopo la poda isiyo na rangi,
nyepesi hivi kwamba nilifungua kuhakikisha ipo.
"Gonga, usisugue. Na usizidishe."

Jumapili niligonga.
Haba na haba hujaza kibaba,
nami kibaba changu sikukiwekea mfuniko.
Chini ya macho, kandokando ya pua,
nikagonga hata pale pasipo na kosa.

Kanisani feni mbili, moja imekufa.
Padri anang'aa. Lindalva anang'aa.
Mishumaa inainama kwa joto.
Mimi mkavu kama sahani kabatini!
Nilijigusa pua mara nne wakati wa sala,
Mungu anisamehe, nikaona kidole kimetoka kitupu.
Saa sita hakuna aliyejiona usoni pangu.

Picha zilikuja wiki iliyofuata.
Mpigapicha alitumia mwanga ule mkali wa kamera,
na poda yangu, ambayo macho hayakuiona,
mwanga uliiona yote.
Wote wana rangi zao. Mimi
nina miwani nyeupe na pua nyeupe,
kama mtu aliyechungulia gunia la unga wa muhogo
akapiga chafya.
Edivan, mikononi mwangu, kinywa wazi, ananikodolea.
Lindalva alicheka hadi akakaa sakafuni.
Ameitundika sebuleni, juu ya televisheni,
na hakuna mgeni anayepita bila kuuliza.

Kopo ninalo bado. Natumia kidogo, puani tu.
Paji la uso nimeliachia liseme linalotaka.

Kazini, kwenye dirisha la msajili,
kati ya muhuri na muhuri
natoa karatasi ya mkate mkobani, naikandamiza usoni.
Leo niliiinua kwenye mwanga
pale ilipolowa ikawa kama kioo,
nikaona kupitia kwayo
mawingu yamekwisha panga foleni juu ya mto.
"Harakisha, bwana," nikamwambia aliyefuata,
"bado robo saa."