Mlio wa Kawaida

Macho ya shangazi Kalunde yamegoma,
lakini sikio lake bado linamsikia
nyuki akihama mzinga.

Hapo Isevya, nyuma ya madebe ya asali,
nimechomeka kisanduku.
Taa tatu za kijani; ya nne inapepesa, haijaamua.
Nafungua mipangilio,
yeye juu ya ndoo iliyofunikwa, anaamuru:

“Moja, mpe Mihayo wa Mpanda.
Mfupi, mfupi, mrefu: ndivyo anavyobisha hodi.
Mbili, Nyanzala wa stesheni,
mpe ule unaokimbia.
Wanunuzi, kengele ya shule, niwahi.
Na yule wa mkopo wa tumbaku…”
Akacheka, pengo wazi.
“Huyo mpe ukimya. Kisanduku kina ukimya?”

Kinao. Nikauhifadhi.

Nikamshika kidole, nikakitembeza vitufeni:
tano ina kinundu kama kipele;
toka hapo panda, kisha kushoto, umefika moja.
Bonyeza. Usiachie. Hesabu mbili.
Kule Mpanda mtu akaitika, “Mama!”
na asali ikafurika kwenye chujio
hakuna aliyeiangalia.

Usiku, chumbani kwangu Ng’ambo,
nikapiga kujaribu.
Ikaita. Ikaita tena,
ule mlio wa kiwandani, wa yeyote yule.
“Nani mwenzangu?” akauliza,
kwa sauti anayowawekea wageni.

Nilipanga ukoo mzima, nikajisahau.

“Ni mimi, shangazi.”
“Sauti naijua,” akasema.
“Mlio ndio siufahamu.”